Hotelini Wakikuambia "Haiwezekani"

  

Leo tunazungumzia jambo ambalo huenda limekukuta. Umeingia hotelini na mtoto, au na mgonjwa wako. Umeomba chakula kibadilishwe kidogo: chumvi ipunguzwe, njugu zisitiwe, au mboga ipikwe bila maziwa. Nawe ukajibiwa, "Mama, hapa haiwezekani. Chakula ni hicho kilicho kwenye menyu."

Ninaposema hoteli, sina maana ya hoteli za watalii peke yake. Nina maana pia ya kibanda kilicho karibu na stendi ya matatu, hoteli ya chai na chapati kule sokoni, na mkahawa wa mjini wenye menyu ya kurasa nyingi. Kote huko watu hukataliwa.

Wengi wetu tukijibiwa hivyo hukasirika. Tunaona tumedharauliwa, na pesa ni zetu. Lakini leo ningependa tulitazame jambo hili kwa upande wa afya. Mara nyingi neno "haiwezekani" linakupa habari ya kweli kuhusu kilichomo ndani ya sufuria. Jibu la kuogopa zaidi ni "ndiyo" inayotolewa ili kukuridhisha tu, huku chakula kikibaki vile vile.

Kwa nini hoteli hukataa?

Sababu ya kwanza ni kwamba chakula kimekwisha kupikwa. Ukifika saa saba mchana, githeri ilianza kuchemka tangu alfajiri. Pilau ilitiwa chumvi na viungo pamoja na mchele. Maharagwe ya nazi yalikwisha kuungwa. Hakuna mpishi anayeweza kutoa chumvi iliyoingia ndani ya punje ya mchele. Akikuambia haiwezekani, amesema kweli.

Sababu ya pili ni vyombo na mafuta. Karai moja linakaanga chipsi, samaki, sambusa na bajia. Mwiko uliokoroga mboga ya njugu ndio unaokoroga sukuma wiki. Mpishi anaweza kukuandalia chipsi peke yake kwenye sahani, lakini hawezi kukuambia kwamba mafuta yale hayakupitiwa na samaki.

Sababu ya tatu ni haraka. Wakati wa chakula cha mchana wapishi ni wawili na wateja ni sitini. Agizo moja la kipekee, likipitishwa kwa mdomo kutoka kwa mhudumu hadi jikoni, ni rahisi kusahaulika au kupewa mtu mwingine. Mwenye hoteli anayejua hivyo huona ni heri akatae kuliko akosee.

Sababu ya nne ni kwamba hoteli nyingine hazipiki kila kitu pale pale. Supu, mchuzi au nyama iliyotiwa viungo huletwa ikiwa tayari kutoka jiko kubwa la mahali pengine. Mhudumu unayezungumza naye hajui kilichotiwa ndani, na mpishi aliye pale kazi yake ni kupasha moto tu.

Sababu ya tano ni usalama. Mteja akiomba maini yatolewe motoni yakiwa bado na damu, au yai lisiive, mpishi mwema atakataa. Chakula cha aina hiyo kinatakiwa kiive hadi ndani kabisa, kufikia joto la nyuzi 70, ili vijidudu vife. Mama mjamzito na mtoto mdogo ndio wanaohitaji sana tahadhari hiyo. Mpishi akikukatalia ombi la namna hiyo, mshukuru.

Kupenda si sawa na kudhurika

Hapa ndipo wewe na mhudumu mnapokosa kuelewana. Kila siku anasikia maombi ya watu wasiopenda: huyu hapendi kitunguu, yule hataki pilipili, mwingine anataka ugali mgumu. Akisahau, mteja atanung'unika, basi. Sasa nawe ukisema tu, "Usiweke njugu," yeye husikia kwamba wewe ni mmoja wa wale wasiopenda.

Lakini kuna mtu anayedhurika. Mtoto mwenye mzio, ambao wengi wetu tunauita aleji, mwili wake hukipiga vita chakula fulani kana kwamba ni adui. Vyakula vinavyoleta mzio mara nyingi ni maziwa ya ng'ombe, mayai, njugu karanga, korosho na jamii yake, samaki, kamba na kaa, ngano, soya na simsim. Kwa mtoto wa namna hiyo, kiasi kidogo sana kinaweza kumletea hatari. Kupika au kukaanga njugu hakuondoi hatari hiyo. Kuziokota njugu kutoka kwenye sahani na kuziweka kando pia hakusaidii, kwa sababu unga na mafuta yake yamebaki kwenye mboga.

Nisieleweke vibaya. Njugu ni chakula kizuri chenye nguvu, na mtoto asiye na tatizo hapaswi kunyimwa. Ninamzungumzia mtoto ambaye amewahi kudhurika, au ambaye daktari amesema ana mzio.

Kwa hiyo unapoagiza, usiombe tu. Eleza madhara. Sema hivi: "Samahani kaka, mtoto huyu akila njugu hata kidogo, huvimba mdomo na kushindwa kupumua. Tafadhali muulize mpishi." Maneno hayo hayafanani na "hapendi njugu", na mhudumu atayasikia kwa sikio jingine.

"Ndiyo" inayoua

Nitakupa mfano wa kweli. Mwezi wa Januari mwaka 2014, kaskazini mwa Uingereza, mwanamume mmoja mwenye mzio wa njugu alinunua kari ya kula nyumbani. Aliomba isiwe na njugu za aina yoyote. Hoteli ilikubali, na hata kwenye kifuniko cha chakula ikaandikwa kwamba hakina njugu. Kumbe mwenye hoteli alikuwa ameacha kutumia unga wa lozi na kununua mchanganyiko wa bei rahisi zaidi uliokuwa na njugu karanga. Mteja alikula, akafa. Mwaka 2016 mahakama ilimhukumu mwenye hoteli kifungo cha miaka 6.

Tazama vizuri, mama. Ombi lilitolewa, likakubaliwa, hata likaandikwa. Kama hoteli ile ingesema, "Sisi hatuwezi, viungo vyetu vimechanganyika," mtu yule angekwenda kula kwingine.

Hapa kwetu "ndiyo" ya namna hii mara nyingi hutokana na adabu. Mhudumu hataki kumwudhi mgeni. Ukimwuliza, "Mboga hii haina njugu, sivyo?" umekwisha kumwekea jibu mdomoni. Atasema, "Haina, mama." Hajasema uongo kwa makusudi, amekuitikia tu kwa heshima.

Basi badilisha swali. Uliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au la. Sikiliza mazungumzo haya:

"Dada, habari ya kazi? Mboga hii ya kienyeji imeungwa na nini?"

"Imeungwa na kitunguu, nyanya na maziwa, mama."

"Na unga wa uji wenu umechanganywa na nini?"

"Huo sijui. Hununuliwa ukiwa umesagwa tayari."

"Asante. Basi mtoto mletee viazi vya kuchemsha, na mimi nitakula mboga."

Umeona? Mama huyu hakugombana na mtu, wala hakuomba kitu kibadilishwe. Alipata ukweli, akachagua. Kuhusu uji, jihadhari kwa kweli. Unga wa mchanganyiko wa uji mara nyingi huwa na njugu, soya au hata omena iliyosagwa, na ukiutazama tu kikombeni hutajua.

Kuna dalili tatu za "ndiyo" usiyopaswa kuitegemea. Ya kwanza, mhudumu anakujibu upesi bila kwenda jikoni. Ya pili, anakuambia, "Ni kidogo tu, haina neno." Ya tatu, anajitolea kukuokotea kile usichotaka kutoka kwenye chakula kilichokwisha kupikwa. Ukiona mojawapo, na mtoto wako ana mzio mkali, usimpe chakula hicho. Mnunulie ndizi mbivu umenye mwenyewe, au mpe ulichobeba kutoka nyumbani.

Ni nini kinachoweza kubadilishwa?

Kanuni ni rahisi. Kinachoongezwa mwishoni kinaweza kuachwa. Kilichopikwa ndani hakiwezi kutolewa.

Vinavyoweza kuachwa ni hivi: chumvi ya kunyunyiza juu ya chipsi, sukari kwenye chai ambayo haijatiwa tamu tangu jikoni, mchuzi wa kumwagiwa juu ya wali, kachumbari, pilipili na sosi. Omba viletwe pembeni, au visiletwe kabisa. Hoteli nyingi hazina shida na hilo.

Visivyoweza kutolewa ni chumvi ya pilau, ngano ya chapati na mandazi, maziwa yaliyopikwa pamoja na chai, na njugu zilizoungwa kwenye mboga.

Na kuna vyakula ambavyo havihitaji kubadilishwa sana kwa sababu havina mambo mengi ndani: viazi vitamu au nduma za kuchemsha, yai lililochemshwa na ganda lake, ndizi mbivu, parachichi, ugali, na nyama choma isiyotiwa kitu. Ukiwa na mgonjwa, anza kutafuta huko kabla ya kumwomba mpishi apike upya. Lakini usisahau kuuliza: hata ugali au nyama hutegemea mikono na chombo cha aliyepika.

Ikiwa ni hoteli mnayoila kila siku, kwa mfano karibu na kazini au na shule, zungumza na mwenyewe mapema. Usiende saa saba watu wakiwa wamejaa. Nenda saa nne asubuhi, au jioni ya kutangulia, umwambie: "Mama, mzee wangu ana presha. Waweza kututolea maharagwe yetu kabla hujatia chumvi?" Jambo lililokataliwa mchana kwa sababu ya haraka, asubuhi huwezekana, kwa sababu sufuria bado haijaungwa.

Mwenye presha na mwenye sukari

Kwa mtu mwenye presha, chumvi si kama sumu ya ghafla. Ni jambo la kipimo na la mazoea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Viungo vya mchuzi vya pakiti na vile vya vipande huwa na chumvi nyingi. Kwa hiyo hoteli ikikataa kupunguza, mgonjwa asikae na njaa. Ale nyama au maharagwe na auache mchuzi kwenye sahani, aongeze mboga na tunda, na chumvi ya mezani asiiguse. Lakini ikiwa anakula hotelini kila siku, kipimo hicho kitampita upesi. Huyo ndiye wa kubebewa chakula kutoka nyumbani.

Kwa mwenye ugonjwa wa sukari kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Mtu anayedungwa insulini, na wanaotumia baadhi ya vidonge, sukari ya damu inaweza kushuka mno akikosa kula kwa wakati. Sasa fikiria amejidunga, ameingia hotelini, ameambiwa "haiwezekani", ametoka kwa hasira, anatafuta hoteli nyingine juani. Baada ya muda anatokwa na jasho, anatetemeka, anachanganyikiwa. Huyo mpe kitu chenye sukari mara moja, kama maji ya sukari, soda ya kawaida au maji ya matunda, kisha ale chakula. Akiwa amezimia, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Na siku nyingine, kabla ya kudunga dawa ya chakula, hakikisha kwanza chakula kipo, kama daktari alivyomwelekeza.

Mtoto mchanga

Mtoto wa chini ya miezi 6 hana haja ya kuagiziwa kitu hotelini, hata maji. Maziwa yako, mama, yanamtosha. Mtoto aliyepita miezi 6 ameanza kula, lakini hahitaji chumvi wala sukari kwenye chakula chake. Asipewe asali kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa sababu asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake halijaweza kuvishinda. Na njugu nzima nzima zisipewe mtoto wa chini ya miaka 5, maana zinaweza kumpalia.

Ndiyo sababu ni bora kubeba chakula cha mtoto. Hoteli nyingine hubandika tangazo kwamba chakula cha nje hakiruhusiwi. Usijifiche nacho chini ya meza. Mwambie msimamizi kabla ya kuketi: "Tutaagiza chakula sisi wakubwa, lakini mtoto ana chakula chake kwa sababu ya afya." Wengi huelewa. Wakikataa, umejua kabla ya kulipa. Na chakula hicho ulichobeba kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwa kwenye chupa ya kuhifadhi joto au mahali pa baridi.

Mtoto akidhurika

Mama, na wewe uliyeachiwa mtoto, sikiliza sehemu hii kwa makini. Dalili za mzio mara nyingi huanza katika dakika chache, na kwa kawaida kabla ya saa mbili kupita. Ngozi hutoka vipele vya kuwasha, midomo au macho huvimba, mtoto hutapika. Dalili za hatari ni hizi: kukohoa mfululizo, pumzi yenye mlio, sauti kukauka, ulimi kuvimba, kulegea, au kuzimia.

Ukiona dalili za hatari, usimpe maziwa, mkaa wala mitishamba, na usimlazimishe kutapika. Ikiwa daktari alikupa sindano ya adrenalini, mdunge mara moja kwenye paja, upande wa nje. Vidonge vya kuzuia kuwashwa haviwezi kuchukua nafasi yake. Mlaze chali na kuinua miguu yake. Kama anapumua kwa shida, mwache aketi. Asisimame, wala asitembezwe. Mpeleke hospitali hapo hapo kwa gari lolote lililo karibu, na mwambie daktari alikula nini. Hata akipata nafuu njiani, mfikishe, kwa maana dalili zinaweza kurudi.

Haki yako ni ipi?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa na huduma, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Kwa hiyo una haki kamili ya kuuliza kilichomo ndani ya chakula na kujibiwa kweli. Mhudumu akikwambia, "Wewe kula tu, maswali ya nini," amekosea. Na hoteli ikikudanganya, mtu akadhurika, pelekea habari afisa wa afya ya umma wa mtaa wako.

Lakini haki hiyo ni ya kuambiwa ukweli. Kifungu hicho hakisemi kwamba mpishi ni lazima akupikie upya. Ukiambiwa, "Mama, siwezi kukuhakikishia," huyo amekutimizia haki yako. Mshukuru, uende kwingine, na siku nyingine utajua kwamba pale husemwa kweli.

Kumbuka

Tuyakusanye basi tuliyozungumza leo. Eleza kudhurika, si kutopenda. Uliza "imepikwa na nini", usiulize "haina, sivyo?" Omba kiachwe kinachoongezwa mwishoni, usiombe kitolewe kilichopikwa ndani. Mwenye hoteli yako ya kila siku mwone mapema, kabla ya sufuria kuungwa. Beba kitu kidogo cha mtoto au cha mgonjwa, ili usilazimike kukubali kila jibu kwa sababu ya njaa. Na mambo haya mweleze pia nyanya, dada wa nyumbani, na mwalimu wa mtoto, kwa sababu hutakuwa naye kwenye kila meza.

Mtoto mwenyewe, akishajua kusema, mfundishe sentensi moja: "Asante, lakini lazima nimuulize mama kwanza." Akipewa andazi na rafiki, au kijiko cha mboga na jirani, sentensi hiyo itamlinda hata ukiwa mbali.